Nani Anakamua Bihogo

Kibabi, tarehe 14 mwezi ya tatu 2023

Kwako Valérie, mudogo wangu, mama ya Francine,

Ninakusalimia wewe na bwana yako Symphorien, na Francine na batoto yake bote, na ile mwenye alizaliwa juzi, macho yangu haijamuona bado. Anyonye muzuri. Mimi niko. Mugongo inauma asubui, kisha nikianza kulima inasahau. Gisa mutoto wangu anakusalimia, goti yake imepona. Mvua imetuzidi, maharagi inakataa kukauka na viazi imeanza kuoza mu shamba, lakini hatujalala na njaa. Mwenye kuniandikia ni Delphin, katekista, unamujua, ule mwenye anaimbaka na pua. Wewe Mama alikutuma ku masomo, mimi alinituma ku shamba, basi nilimuambia Delphin aandike vile ninasema. Amesimamisha kalamu, anasema, "Mama Gisa, ile ya pua haina lazima." Iandike.

Ku telefone sitaki. Kupata rezo ni mupaka kupanda kilima, na ukifika katikati ya neno inakatika. Hii mambo yangu haipaswi kukatika. Barua ninamupa muntu wa moto, ile pikipiki, mwenye anapelekaka maharagi ku soko ya Kashebere.

Ni kilio ya Mama. Mama yetu Nyiraneza alikufa kwako mu mwezi ya kumi na mbili, na sisi huku tungali mu kilio. Unajua nyumba yetu. Kilio ikiwa ingali, hakuna kuoa, hakuna kuolewa, hata dume haikaribie ngombe. Na Uwamahoro, mutoto ya Gisa, amepata bwana. Ni kijana wa Ngungu, Gisubizo, hasemi mingi, anafanya kazi, meno yake yote iko. Bantu yake banangoja kuleta ngombe ya mahari. Batangoja mupaka wapi? Ngungu haikukosa basichana.

Basi nimekata neno: mwezi ya sita, kisha mavuno, tunaondoa kilio. Papa mudogo Makuza amekubali, na njo yeye mukubwa wa ukoo tangu Papa alikufa. Itakuwa vile ilikuwaka siku zote. Bantu banakaa, tunasema maisha ya Mama mupaka siku ya mwisho, bila kuruka, na kila kipande inasemwa na muntu mwenye alikuwa pale. Kisha tunakunywa maziwa ya ngombe yake mu cyansi yake, ile chombo ya muti yenye alikimbia nayo vita, ku mugongo, mupaka kwako. Mimi ninakunywa wa kwanza, wewe wa pili.

Kuolewa yake Makuza atasema, alikuwa pale. Kutulea na kubaki mujane, nitasema mimi. Lakini ile miaka ya mwisho kule Kashebere hakuna mwenye anaijua isipokuwa wewe, na wewe ulinitumia maneno mbili tu: Mama amelala. Valérie, kuku ikikufa unasema maneno mingi kupita hapo. Mimi ninataka yote. Alikula nini, alicheka na nani, nani alimushika kichwa. Ukuje na cyansi, ukuje na Bihogo, ngombe yake, kama ingali muzima, ukuje na kinywa yako. Ukikosa kuja nitakuja kukukokota.

Mukubwa wako mwenye anakupenda hata ukimukasirisha,
Kanyange, mama ya Gisa


Kashebere, tarehe 2 mwezi ya ine 2023

Yaya Kanyange, mukubwa wangu,

Salamu mingi kwako na kwa Gisa na kwa nyumba yote. Barua yako ilifika imelowa. Moto ilianguka ku daraja na mufuko ya maharagi ikaingia mu maji pamoja nayo. Wino ilikimbia pahali mingi, lakini ile ya pua ya Delphin ilisomeka muzuri.

Sisi tuko. Symphorien anakohoa tangu mvua ilianza, anakunywa dawa ya majani, inamusaidia kidogo. Mutoto ya Francine ananyonya sawa mwizi. Mingazi imezaa vizuri, ninakutumia chupa ya mafuta, umupe Uwamahoro apakaze mugongo yako. Nimefurahi sana juu yake. Ile kijana asimupotee.

Juu ya Mama, hakuteseka. Ilikuwa asubui. Bihogo iko, imezaa ndama jike, inakamuliwa kila siku na maziwa ni mingi. Cyansi haikupasuka, iko mu mikono ya kuaminika.

Lakini mimi sitaweza kuja, yaya. Njia ni mubaya na sina wa kumuachia Symphorien. Muondoe kilio kule, na mimi huku nitawasha mushumaa saa ile ile. Ile kipande ya Kashebere, useme tu kama aliishi na jirani kwa amani. Ni kweli, na inatosha.

Mudogo wako,
Valérie


Kibabi, tarehe 21 mwezi ya ine 2023

Valérie,

Ninakusalimia na nyumba yako. Mafuta ilifika, mugongo inashukuru. Symphorien akunywe tangawizi na asali, ile majani yake aache. Huku Gisa anajenga jikoni ya Uwamahoro juu ya harusi, naye Uwamahoro anapita karibu na ile jikoni kila saa sawa muntu amepoteza kitu pale.

Sasa unisikie. Unaniandikia kama Bihogo inakamuliwa. Inakamuliwa na nani?

Usiniambie Symphorien. Siku ya mahari yako dume ya Makuza ilimuangalia tu, akaingia mu jikoni na viatu, akafunga mulango. Usiniambie wewe. Kwetu mwanamuke hakamue ngombe, na Mama alikutia hiyo mu masikio mbele ya kukufundisha kutembea. Unasahau ile mwaka banaume bote balikimbilia mu pori, ngombe zikarudi zimejaa, zinalia? Mimi nilikuwa musichana, nikanyoosha mukono, Mama akaupiga. Akavuka mutoni, akaenda kumutoa mu nyumba yake ule muzee kipofu wa ngambo, akamuleta kwa mukono, akamukalisha chini ya kila ngombe, moja moja, mupaka zote zikanyamaza. Huyo njo Mama. Hangeacha Bihogo mu mikono yoyote. Na cyansi vile vile. Iko mu mikono ya kuaminika, unasema. Mikono ina jina, mudogo wangu.

Na ile ya kusema aliishi na jirani kwa amani, hiyo banasemaka juu ya muntu mwenye hakuna mwenye alimujua.

Mimi huku kipande yangu iko tayari. Nitasema vile Papa yetu Sebarenzi alikufa Mama angali na nguvu, na banaume balikuja na pombe ya kasiksi mu mitungi, na Makuza mwenyewe alikuja, akisema bibi ya kaka yake anamurudilia yeye. Mama aliacha bakunywe yote, kisha akabaambia, "Kitanda ya Sebarenzi ingali na muntu." Makuza atasema mbele ya bantu kama hii mwanamuke hakuangalia mwanaume mwingine mupaka kaburi. Delphin alimutengenezea maneno, ni nzuri, hata mimi nililia, na unajua mimi siliake bure.

Jibu haraka. Mwezi ya sita iko karibu.

Kanyange


Kashebere, tarehe 10 mwezi ya sita 2023

Yaya,

Samahani ya kuchelewa. Njia ilifungwa, balipigana huku nyuma ya kilima, tulilala mu shamba ya Francine, tumerudi, nyumba ingali imesimama.

Ninakuomba neno moja. Makuza asiseme ile maneno ya Delphin. Ngojeeni. Musiondoe kilio bado.

Kuna muntu huku hajanyolewa.

Valérie


Kibabi, tarehe 17 mwezi ya sita 2023

Valérie,

Mungu asifiwe kama muko bazima. Nilisikia milio mupaka huku, nikahesabu majina yenu mu mdomo kila asubui.

Sasa. Nani hajanyolewa? Unanitumia kipande ya barua sawa muntu anarusha jiwe juu ya nyumba na anakimbia. Bantu ya Ngungu balikuja, bakakaa, bakakunywa, bakasema wana heshima ya kilio yetu lakini kijana yao hawezi kuzeeka ku mulango. Makuza amesimama, anasema tuondoe kilio siku ya mungu yenye kuja, na kama Valérie hapendi kukunywa maziwa ya mama yake, abakie na mafuta yake. Nilimusimamisha. Sijui nilimusimamisha juu ya nini. Aliniuliza sababu, nikakosa ya kumupa, nikamutukana tu ili apate kitu ya kufikiria.

Na mimi nina neno yenye sikukuandikia. Hukuuliza, na mimi nilifurahi kama hukuuliza. Ngombe haiko huku tena. Bantu ya bunduki balizichukua zote, Mama angali muzima kule kwako, mupaka na ile dume mwenye kutisha bwana yako. Sikumuambia Mama, sikukuambia wewe. Maziwa tunanunua kwa chupa. Mu ngombe zote zenye Mama alizalisha kwa mukono yake, imebaki Bihogo. Njo maana sitaki maziwa ya kununua mu kilio yake. Njo maana ninauliza nani anaishika.

Nimekuambia yangu. Uniambie yako.

Kanyange


Kashebere, tarehe 8 mwezi ya saba 2023

Yaya wangu,

Tunakusalimia bote. Symphorien alikubali tangawizi. Nimelia juu ya ngombe, kisha nikanyamaza, juu Mama hangeniruhusu kulia ngombe siku mbili. Kaa chini. Muambie Delphin asome pole pole, na kama anataka kukohoa akohoe sasa.

Unajua vile Mama alifika kwangu. Miguu imevimba, cyansi ku mugongo, kamba ya Bihogo mu mukono. Ngombe ilikuwa imejaa, inalia mupaka batoto banakimbia. Huku ngombe ni kitu ya kuangalia kwa mbali. Symphorien alijificha, ulisema kweli. Nikamuambia, "Mama, acha niikamue mimi, hakuna mwenye anatuona." Akaniangalia sawa nimemutukana. Akatoka na cyansi, akasimama katikati ya njia.

Mwanaume wa kwanza mwenye alipita ni muzee mumoja wa mitego, Sébastien, alifiwaka bibi zamani, anatoka mu pori na nungu mbili ku bega. Mama akamuambia, "Wewe. Weka hiyo chini. Kuja kukamua."

Muzee akasema, "Mama, mimi tangu kuzaliwa sijagusa ngombe."

"Sikukuuliza maisha yako. Nawa mikono."

Alimufundisha kwa kinywa tu, yaya. Yeye amesimama pembeni, mikono ku mugongo, hakugusa hata mukia. "Upande ya kuume. Ile ni kushoto. Huku kwenu hakuna kuume? Kaa. Musalimie kwanza." Muzee akasalimia ngombe kwa Kinyanga, luga yake. Mama akasema, "Haisikie Kinyanga." Muzee akamujibu, "Itajifunza." Bihogo ikamupiga teke, akaanguka mu matope na cyansi juu ya tumbo, ameishika kwa mikono mbili ili isivunjike. Na Mama akacheka. Sijawahi kumusikia vile. Alishika ukuta ya jikoni.

Kesho yake muzee alirudi bila kuitwa. Na siku yenye ilifuata. Akajengea Bihogo kivuli, kisha akajenga nyumba kidogo pembeni ya ile kivuli, akisema mukamuzi analala karibu na ngombe. Siku moja, jua ingali juu, Mama akachukua mukeka yake, akaipeleka mu ile nyumba mbele ya bantu bote. Nikamufuata, nikamuambia, "Mama, bantu banasema." Akasema, "Baseme tu. Mimi nimesikia banasema tangu Papa yenu alikufa."

Hakumuita jina. Alimuitaka Mukamuzi. Ku misa balikaa benchi moja. Nyama ya mitego alikataa, akisema mwanamuke wa ngombe hakule bintu ya miiba, kisha nikamukuta anakula nungu, mafuta ku kidevu. Akaniambia, "Kanyange akisikia hii kutoka kwako, nitakulaani." Juu ya muzee alisema vile vile: "Kanyange nitamuambia mimi, kwa kinywa yangu, njia ikifunguka." Haikufunguka. Njo maana nilinyamaza. Haikukuwa haya. Ilikuwa neno yake, nilimuwekea.

Uliuliza nani alimushika kichwa. Asubui ile muzee alitoka kukamua, akaingia na cyansi, povu ingali juu, akaiweka chini ili amukalishe Mama. Mama akafungua macho. Akamuangalia, akaangalia cyansi, akasema, "Funika maziwa. Nzi iko." Muzee akafunika kwa mukono moja. Ule mukono mwingine ulikuwa chini ya kichwa ya Mama. Alipomugeukia, ilikuwa imekwisha.

Huku mu pori, mwanaume mwenye alifiwa hanyoi, halime, haendi ku mitego, mupaka muntu wa damu ya marehemu akuje amunyoe. Tangu ile siku Sébastien amekaa. Nywele na ndevu zimekutana. Anakamua tu, anasema ngombe haijui kilio. Nilichukua wembe, nikaenda. Akaniambia, "Wewe ni wa pili. Wa kwanza yuko." Batoto yake banamuletea chakula, lakini anakonda. Sasa kama munaondoa kilio bila yeye, na Makuza anasimama kusema Mama hakuangalia mwanaume mwingine, basi yeye atabaki huku na kilio ya muntu mwenye ninyi munasema hakuwa wake. Atakufa nayo.

Siombi musamaha, yaya. Ninakuomba ukuje.

Valérie


Kibabi, tarehe 30 mwezi ya saba 2023

Valérie, mudogo wangu,

Ninakusalimia, na Symphorien, na batoto.

Delphin alisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza, kisha ya nungu sikusikia tena kitu. Nilienda ku shamba, nikalima mupaka mupini ya jembe ikavunjika. Nilimukasirikia Mama, nikakukasirikia wewe, nikamukasirikia ile muzee na matope yake. Kisha nikakaa juu ya ile jembe imevunjika, nikaona yeye ameanguka na ameishika cyansi juu ya tumbo. Nikacheka peke yangu mu shamba. Gisa alifikiri jua imenipiga.

Nikaenda kwa Makuza, nikamuambia yote. Akasema, "Huyo si muntu wetu. Mula nungu. Nyiraneza ni bibi ya kaka yangu na itabaki hivyo." Nikamuambia, "Papa mudogo, wewe hukasirike juu ya kaka yako. Ulimutaka, akakukataa. Unakasirika juu haikukuwa wewe." Bibi yake alikuwa pale anachagua mchele. Yeye njo alicheka wa kwanza. Makuza akatoka kuangalia mvua, na mvua haikukuwa.

Delphin nimemuambia apasue ile maneno yake mazuri. Amehuzunika kidogo.

Kilio ya Mama haitaondoka mupaka ule muzee amenyolewa. Nimesema. Bantu ya Ngungu nimebaambia bangoje mupaka mwezi ya kumi, na kama Gisubizo hawezi kungoja hapo, hataweza kungoja mujukuu wangu Uwamahoro akasirike na apoe. Kijana akasema atangoja. Ni maneno yake ya kwanza nilisikia, na ilikuwa nzuri.

Ninakuja. Gisa anasema njia ni ya bunduki. Nilimuambia bunduki haina kazi na mwanamuke muzee mwenye balimunyanganya tayari ngombe zote. Moto itanifikisha pahali itanifikisha, kisha miguu. Wembe ninaleta yangu.

Muambie huyo muzee asikufe mbele nifike. Na nikimukuta anakamua upande ya kushoto, ninamuacha na ndevu yake.

Kanyange


Kashebere, tarehe 19 mwezi ya tisa 2023

Yaya,

Ninaandika bila kujua kama mulifika, wewe na muzee na Bihogo na ndama. Ninamupa barua ule wa moto, na nimemukataza daraja. Symphorien alilala vizuri hii juma. Aliomba nikuambie kama siku ulimuomba akushikie kamba ya ngombe, na akaishika, hakufunga macho. Alifunga. Nilimuona.

Huku hawajaacha kusema juu yako. Francine anakuiga mbele ya batoto. Anaingia mu nyumba bila salamu, anasimama mbele ya muzee, anamuangalia kutoka juu mupaka miguu, kisha anasema na sauti yako, "Unakamua upande gani?" Na mutoto mukubwa, mwenye anafanya muzee, anajibu, "Kuume." Na Francine anasema, "Kaa chini."

Ile yenye hawaigi ni ile ilifuata. Vile ulianza na ndevu, na muzee akaanza kutetemeka, na ukamuambia, "Usitikise kichwa. Nikikukata sikio batasema nilifanya makusudi." Na yeye akacheka na machozi pamoja. Vile uliokota nywele zote wewe mwenyewe, huku unasukuma mikono ya batoto yake, ukazifunga mu kitambaa yako. Batoto yake bananiuliza kila siku ulizipeleka wapi. Nimebaambia kwa Mama. Nilikuona unachimba ku kaburi na vidole.

Na kesho yake alienda ku mitego kidogo tu, akarudi na nungu, akaiweka mbele yako. Yaya, ulikula. Sitamuambia Delphin. Wewe njo utakuwa umemuambia sasa, juu yeye anakusomea.

Sikukuja nanyi juu ya ule mwenye kukohoa, na roho yangu ilitembea nyuma ya ile ngombe mupaka kilima. Uniandikie vile ilikuwa. Bila kuruka.

Valérie


Kibabi, tarehe 22 mwezi ya kumi 2023

Valérie,

Ninakusalimia wewe na bwana yako jasiri na bote. Delphin ameuliza ni nungu gani. Nimemuambia aandike.

Tulifika. Miguu yangu ilifika nyuma yangu, lakini ilifika. Ku vizuizi vya njiani baliuliza hii ngombe ni ya nani, na kila mara muzee alisema, "Ya bibi yangu." Bakaniangalia mimi. Mimi nikasema, "Siyo mimi. Mimi ni mutoto wake." Hawakutuelewa, bakatuacha kupita. Muntu mwenye haelewi hasumbue sana.

Kilio tuliondoa juzi. Bantu balijaa mupaka mu maharagi. Bantu ya Ngungu bote balikuja, Gisubizo amevaa shati ya kuazima, mikono inamufunika vidole. Asubui muzee Sébastien alienda kukamua, na banaume bote ya ngombe bakamufuata, bakasimama nyuma yake sawa bantu ya kungoja muntu ateleze. Muda murefu hawakuona ngombe ya kwetu mu hii zizi. Akakaa kuume. Akamusalimia Bihogo kwa Kinyanga. Bakacheka. Bihogo ikageuza sikio, ikasimama wima, maziwa ikaimba mu cyansi. Hawakucheka tena. Makuza alikuwa kwa nyuma, ku mulango, anajifanya anatafuta fimbo yake. Akauliza, "Nani alimufundisha?" Gisa akamujibu, "Marehemu." Fimbo ya Makuza ilikuwa mu mukono yake.

Tukakaa. Makuza alisema kuolewa kwa Mama, vizuri, hakuongeza. Mimi nikasema kutulea kwetu, na kipofu, na kasiksi, na kitanda ya Sebarenzi. Kisha nikasema, "Hapo mimi ninafika mwisho. Sikuwa pale. Mwenye alikuwa pale asimame."

Muzee alisimama. Anasema pole pole, unamujua, anatafuta neno sawa muntu anatafuta njia ya mutego. Akasema njia na cyansi. Akasema teke. Bantu balicheka, Valérie, mu kilio, na bibi ya Makuza alishika tumbo. Akasema mukeka. Hapo wazee bakaangalia Makuza, na Makuza akaangalia mikono yake. Akasema misa, na nungu, na vile Mama alimukosoaka mupaka siku ya mwisho na hakuna siku moja alimusifu. Akafika ku ile asubui. Akasema, "Niliingia na maziwa." Hapo akaishia.

Tukangoja. Delphin akafungua kinywa ili aanzishe wimbo, nikamupiga teke. Bila kuruka, njo vile tulisema, na kipande ya mwisho ilikuwa yake, siyo yangu, hata kama wewe ulikuwa umeniandikia. Nilikuwa ninaijua na nikafunga kinywa. Umeona siku gani mimi ninafunga kinywa?

Cyansi ilikuwa katikati, wazi, povu juu. Muzee akaiangalia. Akatembea mupaka pale, akapiga magoti, akachukua kifuniko, akaifunika. Akabakia na mukono juu yake.

Bote balielewa. Hata bale mwenye hawakujua maneno.

Makuza njo alisimama. Nilishika fimbo yangu, nikifikiri atatuaibisha. Akaenda mupaka kwa muzee, akainama na yale magoti yake mabaya, akamuomba ruhusa. Akamuomba, Valérie. Kisha akafunua cyansi, akanipa mimi wa kwanza. Nikakunywa. Nafasi yako ya pili nilimupa Mukamuzi, na yeye akakunywa na macho yamefungwa, na Makuza akakunywa wa tatu, akapangusa ndevu, akasema, "Kilio imeondoka."

Ngombe ya Ngungu zinakuja jumamosi. Ndama ya Bihogo nimemupa Uwamahoro. Muzee anasema atarudi kwako kisha harusi, mitego yake inamuita, lakini nimeona tayari anajengea Bihogo kivuli mupya huku, na kila asubui Makuza anakuja kumuangalia akikamua. Anasema anakuja kutafuta makosa. Bado hajapata. Jana alimuletea kiti.

Mugongo inauma. Tuma mafuta.

Dada yako mukubwa,
Kanyange, mutoto wa Nyiraneza